Mbuzi Ambaye Hakuwamo Kwenye Sinema

Mimi ndiye Emiliana wa Kwamndolwa, mwenye mbuzi wa Krismasi. Shule niliishia darasa la pili, lakini haya nayaandika mwenyewe, maana wengine wakiandika watayapunguza.

Nilikuwa msichana mdogo kwenye kambi ya mkonge gari la sinema lilipokuja. Walitundika shuka kubwa jeupe. Mbele wakajaa wakubwa, sisi watoto tukakaa nyuma ya shuka, picha tunaziona kinyume. Ilikuwa hadithi ya Krismasi: mzee mchoyo, mizimu mitatu ikamjia ikamtia adabu, kulipokucha akawa mtu wa watu. Mfasiri alikuwa na kipaza sauti, ila upepo ulikula nusu ya maneno yake.

Hadithi hiyo nimeisimulia kila Krismasi tangu niolewe. Mzee yule akishatiwa adabu ananunua mbuzi, anamwita jirani yake Mwislamu amchinje, ili kila nyumba ipate kula bila wasiwasi. Na mimi nafanya vivyo hivyo. Mchinjaji wangu ni mzee Abdi, Mzigua wa Sindeni aliyehamia ng'ambo ya barabara. Miaka thelathini hajakosa.

Mwaka jana mwanangu Denis akachoka. "Mama, kuku wawili wanatosha. Kila mtu ale kwake."

"Na mzee wa kwenye sinema?"

"Sinema hiyo umeiona wewe peke yako."

Mjukuu wangu Grace akaitafuta kwenye simu, akaipata, ya kizamani kabisa, nyeusi na nyeupe. Nikamwambia Denis mbele ya watu, "Mbuzi asipotokea humo, kuku."

Tukaitazama mchana, siku moja kabla ya Krismasi, uani kwangu, pamoja na mzee Abdi na mkewe Mwantumu. Mizimu ikaja yote mitatu. "Mmeona?" nikasema. Mzee mchoyo akaamka, akacheka peke yake kama mwehu, na mezani akaletwa... ndege. Ndege mkubwa, amenyonyolewa.

"Bibi, mbuzi yuko wapi?" Grace akauliza.

"Wamemkata. Filamu za siku hizi zinakatwa."

"Hii ni ya zamani, Bibi!"

Wakacheka mpaka Mwantumu akajifuta machozi kwa mtandio. Denis hakucheka. "Basi, Mama. Ulisema mwenyewe."

Nilisema, na mate niliyotema siyarambi. Nikaingia jikoni kutafuta sufuria ndogo, ile ya kuku. Ilikuwa na vumbi.

Nikiwa huko nikamsikia mzee Abdi. "Denis, yule mzee mchoyo ana jirani wa kumchinjia?"

"Sikumwona, mzee."

"Ndiyo maana akala ndege. Mimi kisu nimekinoa tangu jana. Kesho nichinje nini, ndizi?"

"Na mimi mchele wa pilau nimeshauchambua, kilo tano," Mwantumu akadakia. "Kuku wawili watazama humo, hatutawaona tena."

Mara nikasikia pikipiki ya Denis ikiwaka, ikashika njia ya kwa wafugaji. Nikairudisha sufuria ndogo na vumbi lake, nikatoa ile kubwa.

Grace akanifuata. "Bibi, niambie kweli. Ulimwona mbuzi?"

"Mimi nilikaa nyuma ya shuka," nikamwambia. "Waliokaa mbele ndio hawakuona vizuri."