Kisima Nilichokisifu Mapema

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni Thika nilihama bweni, nikapanga chumba Theta kwa mama mzee ambaye mtaa mzima ulimwita cucu, yaani nyanya. Kwetu magharibi tungemwita kukhu. Alikuwa na ng'ombe mmoja, kishamba cha sukuma wiki na kabeji, na kisima. Kisima ndicho kilichokuwa fahari yake. Walikichimba na mumewe wakiwa vijana: mume chini akijaza ndoo udongo, yeye juu akivuta kamba. Mume alikuwa ameshafariki. Cucu akikusimulia habari hiyo alikunyooshea viganja, kana kwamba kamba ilikuwa imevipita asubuhi hiyo.

Nilikuwa nasomea kemia ya mazingira. Mwaka huo kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua maji ya kuchunguza. Wenzangu wengi walikwenda mtoni, upande wa viwanda, ambako uchafu unaonekana kwa macho. Mimi nikachagua visima vya Theta, na nitasema ukweli: ulikuwa uvivu. Kisima cha kwanza kilikuwa hatua chache kutoka mlangoni pangu.

Cucu alinikuta nikijaza chupa.

"Unapeleka wapi maji yangu?"

"Chuoni, cucu. Nataka kuyapima."

"Haya. Lakini ukirudi uniambie mimi kwanza, kabla ya hao walimu wako."

Wiki hiyo dawa ya kupima naitreti ilikuwa imeisha maabara. Naitreti ni chumvi inayotoka kwenye mbolea na kinyesi. Mvua huizamisha ardhini mpaka ikafika kwenye maji ya chini. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Nikapima nilichoweza: tope, uchachu, vijidudu. Vijidudu vilikuwa vichache, vya kufa kwa moto wa kawaida. Niliporudi cucu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amefunga kitambaa kipya kichwani, ananingoja. Ningeweza kumwambia kwamba sijamaliza. Lakini alinitazama kwa matumaini makubwa mno, nami nikataka kumfurahisha.

"Maji yako ni mazuri, cucu. Uchemshe tu."

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani. Majirani waliokuwa wamekiacha kisima kwa kukitilia shaka wakaanza kurudi na mitungi. Mke wa mwanawe, aliyeishi nyumba ya pili katika boma hilo hilo, alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Maziwa yake hayakutosha, kwa hiyo mtoto alikorogewa maziwa ya kopo. Mpaka siku hiyo mama alikuwa akitumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi. Tangi lilipokauka, akahamia kisimani moja kwa moja. Mwanafunzi wa chuo si amesema?

Mvua ndefu zikaja, na dawa nayo ikaja. Nikachota maji upya. Chupa ya kisima cha cucu ilipotiwa dawa ikageuka waridi, kisha ikaiva mpaka nyekundu ya damu ya mzee. Nilidhani nimekosea. Nikayazimua, nikapima tena, nikapima mara ya tatu. Nikaenda kwa mhadhiri wangu, mama mtulivu aliyesahihisha kila kitu kwa penseli. Aliitazama karatasi, na swali lake halikuwa la namba.

"Nani anakunywa haya maji?"

"Mwenye nyumba wangu. Wapangaji. Majirani."

"Kuna mtoto mchanga?"

Nikakaa chini.

"Niliwaambia wachemshe, Daktari."

"Kuchemsha kunaua vijidudu," akasema polepole. "Naitreti si kiumbe, haifi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki, na inazidi kukolea. Enda nyumbani sasa hivi."

Yote hayo niliyajua. Katika mwili wa mtoto mchanga naitreti huizuia damu kubeba hewa, midomo ikawa buluu. Nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Nilimkuta cucu uani akichagua maharagwe.

"Cucu, yale niliyokuambia kuhusu maji, nayafuta. Nilisema kabla sijamaliza kupima. Mtoto asipewe tena."

Aliweka ungo chini. "Mzee wangu alikunywa maji haya mpaka akafa!" Kisha akasikia mwenyewe alichosema, akaongeza haraka, "Na hakuuawa na maji!"

Mkaza mwanawe alikuwa amesikia. Alitoka na mtoto mkononi, akasimama juani, akamvuta mdomo wa chini kwa kidole akiuchungulia. Mimi pia nilichungulia. Sikuweza kujua, hofu ilikuwa imenitia buluu machoni.

Tulikwenda hospitali Ruiru kwa pikapu ya mumewe. Daktari alimpima mtoto, akasema yuko salama, ila maji yabadilishwe leo hii. Ndipo yule mama akanigeukia.

"Ulisema ni mazuri."

"Nilisema."



Siku zilizofuata nilitaka kulipa kosa kwa vitendo. Nilikuwa nimefaulu somo la kutibu maji, basi nikatoboa ndoo, nikapanga kokoto, mchanga na makaa yaliyopondwa. Maji yaliingia na ukungu wa mvua yakatoka yaking'aa. Cucu alipiga makofi. Niliyapeleka maabara: naitreti ilikuwa vile vile. Nikabadilisha makaa, nikaongeza mchanga, nikarudia wiki nzima. Vile vile.

"Mchanga na makaa haviishiki naitreti," mhadhiri akaniambia. "Viko vyombo vinavyoweza, lakini si vya ndoo. Acha kuhangaika na maji. Panda mlima uone yanakotoka."

Nilirudi nikamweleza cucu, naye akachukua fimbo yake tukapanda wote. Juu ya kisima, mteremko mmoja tu, palikuwa na vibanda vya kuku vya mwanawe. Alikuwa amevijenga pale mkewe aliposhika mimba, apate cha kumlelea mtoto. Kando ya vibanda kulikuwa na rundo la samadi ya kuku, limeachwa wazi, mvua imelipasua mifereji. Cucu alilitazama, akageuka akatazama kisima chini, akarudi kulitazama. Alimwita mwanawe kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Unamwaga mavi juu ya kazi ya baba yako?"

"Maitu, sikujua," akasema yule mwanamume. Yaani, mama yangu. Alisema hivyo mara mbili, akashika sepetu.

Rundo lilihamishwa hadi chini ya shamba, likawekewa sakafu ya saruji na paa la mabati. Niliwaambia kwamba maji ya chini hayana haraka, huenda ikachukua miaka. Cucu akaitikia kwa kichwa. Kesho yake alinigongea asubuhi amevaa sweta.

"Vaa viatu. Wewe ndiye uliyenisifia maji, tutaenda kuwaambia majirani pamoja."

Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mlango alisema yeye kwanza: "Maji yangu hayafai kunywa. Huyu atawaeleza." Wengine walitushukuru. Mmoja alicheka akasema wasomi wanasema leo hivi, kesho vile. Nilimjibu kwamba kosa lilikuwa langu, si la masomo.

Siku hizi nafanya kazi Ruiru, katika maabara ndogo ya maji. Nikiandika ripoti huanza na yale ambayo sijapima. Wateja wengine hukasirika.

Mama wa mtoto alichukua muda kunirudia. Alinisalimu, ndiyo, lakini kwa mbali, kama unavyomsalimu mpita njia. Kisha asubuhi moja, miezi michache kabla sijahama Theta, alikuja mlangoni pangu na beseni la nguo kiunoni na mtoto mgongoni. Akamfungua, akanipa.

"Nishikie, nianike nguo," akasema.

Akaenda kwenye kamba bila kugeuka nyuma. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Alinishika sikio akalivuta, nami nikamwachia avute.