Jemadari Alisema Anaumwa

Baba yangu alifundisha historia sekondari, huko Ngara, Tanzania, maisha yake yote ya kazi, na vita alivyovipenda kuliko vyote havikuwa vya kwetu. Vilikuwa vile vya Wamarekani walipojitoa mikononi mwa Waingereza. Kwa nini hivyo, sijui hadi leo. Wazee wa wenzangu wanapenda mpira. Wangu alipostaafu, mama akiwa ameshatangulia mbele ya haki, akaja kuishi kwangu Niboye, hapa Kigali. Alikuja na begi moja la nguo na vita vyote vile kichwani, na tangu siku hiyo mezani kwangu hapakuliwa wali bila mtu kupigwa risasi.

Mimi nauza vigae na masinki katika duka la watu. Nikirudi nimechoka hoi, yeye ananisubiri na pigano la Saratoga. Nilikuwa naitikia "ehee" huku nachambua mchicha, na mengi niliyoyashika nimeyashika bila kutaka. Najua kwamba lile pigano kubwa la mwanzo linaitwa kwa jina la kilima kimoja, lakini waliouawa wengi waliuawa kwenye kilima cha jirani. Hilo lilimchekesha sana, maana katika mji huu ukikosea kilima umeshapotea. Najua walivuka mto wenye barafu Krismasi, wakawafumania askari wa kukodi kutoka Ujerumani hawajajiandaa. Najua kulikuwa na meli ya Wamarekani iliyopigana na ya Kiingereza mpaka ikashinda, halafu yenyewe ikazama, na washindi wakaondoka na meli ya walioshindwa. Kichwa changu kimejaa takataka za namna hiyo, na bei za masinki ndizo ninazosahau.

Lakini alichokipenda zaidi ni mwisho. Waingereza wamejichimbia Yorktown, pembeni mwa maji, wanangoja meli zao zije kuwaokoa. Meli za Wafaransa, waliokuwa upande wa Wamarekani, zimewahi mlangoni mwa ghuba. Zinapigana na zile za Kiingereza, za Kiingereza zinageuza, na wale walioko nchi kavu wanabaki wamezingirwa, mizinga inawanyeshea hadi wanasalimu amri. Siku ya kukabidhi upanga jemadari wao hakutokea. Alituma ujumbe kwamba anaumwa, akamtanguliza msaidizi wake. Jemadari wa Wamarekani, kuona kaletewa msaidizi, naye akakataa kuupokea, akamwelekeza kwa msaidizi wake yeye. Hapo baba alikuwa anaweka kijiko chini.

"Anaumwa!" alikuwa akisema. "Vita vyote mzima, siku ya kusema nimeshindwa ndiyo anaumwa."

Nilikuwa najua hamsemi Mwingereza peke yake. Baba ana kaka mmoja, baba yangu mkubwa, anayeishi Ndera, upande wa pili wa mji. Bibi yetu alifia mikononi mwa huyo baba mkubwa wakati baba yuko Tanzania anasahihisha mitihani. Baba mkubwa hakungoja. Alizika kesho yake. Baba alipofika na basi alikuta udongo bado mbichi na watu wameshaanza kutawanyika, na kuanzia hapo hakumsemesha tena kaka yake. Kwa mama yao walibaki wawili tu. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi jembe nilikuwa nimelishika miaka, kapu silioni. Nilichokuwa naogopa ni kimoja: kwamba na hawa nao watazikana hivyo hivyo, mmoja chini, mwingine njiani. Nikimgusia baba, jibu lake lilikuwa moja. Aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake.

Basi, Jumamosi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu wa mtaa tumemaliza kufyeka mitaro na kila mtu amerudi kwake kunawa, akaja mume wa binti yake baba mkubwa. Mtu mpole, amezaliwa na kukulia hapa Kigali, amevaa tai na ana kreti ya soda begani. Nilijua katumwa, kabla hajaketi. Mtu havai tai siku ya umuganda bila sababu. Baba naye alijua, kwa sababu alinyanyuka sebuleni akaingia chumbani kwake na kurudishia mlango, siyo mpaka mwisho.

Shemeji yangu yule alikataa chai. Aliniambia, kwa Kiswahili chake, kwamba katumwa na mkwe wake kuomba radhi kwa habari ya mazishi ya bibi.

"Shemeji, muzee alitaka kuja yeye mwenyewe," alisema. "Lakini iko mugonjwa."

Chumbani kukasikika sauti ya mwalimu: "Ni mgonjwa. Siyo iko mgonjwa."

Jamani. Mtu amebeba msamaha wa miaka mingapi begani, wewe unamsahihishia sarufi! Niliinuka nikaenda mlangoni pale. Baba alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, macho yanameremeta. Nilimwomba atoke. Alitikisa kichwa.

"Mwambie na mimi naumwa," alisema. "Pokea wewe, mama."

Nilirudi sebuleni, nikasema nilichoambiwa niseme. Shemeji aliniangalia kwa huruma, akapokea kwa mikono miwili maneno yale ya uongo, akaniambia atafikisha. Akaacha soda, akaondoka.

Mchana ule nilimsema baba kama ninavyomsema mtoto. Alinieleza, bila kuona haya, kwamba ndivyo ilivyo katika majeshi, msaidizi hupokelewa na msaidizi. Nikamwambia hapa siyo Yorktown, hapa ni Niboye, na yule siyo Mwingereza, yule ni kaka yako wa tumbo moja. Aliendelea kula. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, nikamwacha.

Jumapili iliyofuata, nilipotoka kanisani, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikamwambia dereva Ndera. Nilisema nafsini kwamba nikamkute baba mkubwa anapalilia migomba yake, nije nimwambie baba mmetoshana, nyote waongo.

Nilimkuta kwenye kiti, juani, blanketi limefunika miguu. Ilikuwa imevimba, viatu haviingii tena. Binti yake alinieleza kwa sauti ya chini kwamba ni moyo, na kwamba kutoka kitandani hadi pale uani anapumzika njiani. Nilipiga goti kumwamkia. Hakuitikia salamu.

"Anaumwa nini?" aliniuliza.

Sikuelewa.

"Mdogo wangu. Nimeletewa habari kwamba anaumwa hata kutoka chumbani hawezi. Anaumwa nini?"

Nikasema mgongo. Alifumba macho, akasema mgongo ni kitu kibaya, baba yao ulimtesa vilevile. Pumzi ilikuwa inamkatikia katikati ya maneno. Alimwagiza binti yake alete chupa ya asali nimpelekee mgonjwa. Kisha akanisihi nisimruhusu baba kuja kumwona, maana barabara ina mashimo na gari litamzidishia mgongo. Nilirudi na chupa ile mapajani, nyuma ya pikipiki, nalia ndani ya helmeti.

Baba alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Niliweka asali mezani, nikamweleza yote kama yalivyo, na uongo wangu wa mgongo humo humo. Aliniuliza kama kaka yake anaumwa kweli. Nikamwambia kweli. Baadaye kidogo akaniuliza tena, maneno yale yale. Tulikula chakula cha jioni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekufa.

Kesho yake sikwenda dukani. Nilimkuta barazani amenyoa ndevu, amevaa koti lake la mahafali, anangoja. Tulikodi gari. Njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, anajipangia maneno, na nilimwacha ajipange.

Baba mkubwa alipotuona alishika mikono ya kiti ili asimame, ikashindikana. Baba alisimama hatua chache kutoka kwake, kofia mkononi. Aliyoyapanga yote yalimtoka kichwani.

"Umepona?" kaka yake alimuuliza.

"Nimepona, kaka."

Baba mkubwa alivuta pumzi, akangoja ya pili.

"Afadhali," alisema. "Basi wewe ndiye utakayenizika. Usiharakishe, kama mimi nilivyoharakisha. Watu wafike kwanza."

Baba aliitikia kwa kichwa, akavuta kigoda, akaketi karibu na ile miguu, na akaniomba maji ya kunywa.