Kofia Nyekundu ya Treni Ndogo

Kinachoniudhi zaidi ni vidole vya yule bwana wa programu. Kabla ya kugusa kompyuta huvipuliza kama mtu anayepoza chai, na chama chetu kizima cha wapenda treni kinangoja. Ndiye aliyeandika programu inayoendesha treni zetu za kuchezea hapa Oldenburg, Ujerumani. Aliiandika bure, kwa kujifurahisha tu, ikaenea mpaka nchi jirani, na mimi nikabaki kupaka rangi vilima vya plasta vya kando ya reli. Kwetu mwendeshaji huvaa kofia nyekundu ya mkuu wa stesheni, na kofia hiyo haikuwahi kutoka kichwani mwake. Jumamosi iliyopita aliivua.

"Programu naiacha," alisema kwa ile sauti yake ya chini, inayotulazimisha sote kunyamaza.

"Umetuchoka, eti?" Wiebke, mwenyekiti wetu, alimtania.

"Siku hizi nikiona treni, dada, nasikia malalamiko ya watu tu. Na mimi nilianza kwa kupenda treni."

Akanivika kofia mbele ya wote. "Haya, bwana mkubwa, si ulikuwa unaimezea mate? Barua na simu zote za watumiaji nimeshazielekeza kwako."

Wakanipigia makofi. Hayajaisha, simu yangu ikalia: mtu wa Uholanzi, treni yake imegoma, anafoka. Nilipoinua macho nilimwona yule bwana amepiga magoti mwisho wa meza, anasukuma behewa moja kwa kidole, na mdomo wake unanguruma, "Chuku-chuku, chuku-chuku."

Kofia ninayo mimi, na bado namwonea wivu.