Kopo la Kwanza la Mama Mukubwa

Hadi leo, mama mukubwa akishika ukuta ili avue kiatu, mimi naacha ninachofanya na kumtazama macho. Anajua kwa nini. Ananiambia niendelee na kazi.

Yeye ni dada mkubwa wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Tunakaa mtaa wa Ruashi, upande ule ambao malori ya mgodi yanapita na vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya chumvi. Mbele ya nyumba kuna paa la bati, mabenchi manne na pipa moja la bluu lenye kifuniko. Hapo ndipo anapouza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Watu wanapaita nganda, yaani baa, basi na sisi tunapaita nganda, ingawa hakuna muziki, hakuna friji, na kiti cha pekee chenye mgongo ni cha mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli hadi magoti yakamkataa.

Niseme ukweli: munkoyo wake haukuwa mzuri. Haukuwa wa kutupa, hapana. Ulikuwa mwepesi, uliwahi kuchacha, na chini ya kopo ulikuta vidonge vya unga. Wateja walisema wenyewe, tena huku wanakunywa.

“Mama, hii munkoyo yako iko kama maji balioshea masahani,” mzee wa reli alimwambia siku moja.

“Na kopo yako iko wazi, papa. Nikuongezee maji ya masahani?”

Akaongezewa, akanywa.

Hilo lilinisumbua sana. Kwenye barabara yetu nimeona nganda tatu zikifunguliwa kwa kelele na kufungwa kimya. Zilikuwa na bia baridi, viti vya plastiki, taa za rangi. Moja ilipika munkoyo mtamu kweli kweli, nami nilikwenda kuuonja kwa siri. Watu walijaa kule wiki mbili, halafu mmoja mmoja wakarudi kwenye mabenchi yetu na kuanza upya kulalamika. Mimi nilifika mwaka wa nne wa sekondari tu, lakini kichwa changu hakijui kukaa kimya. Niliota nganda kubwa kule Makomeno, mtaa wa wenye pesa, glasi za kioo, jina limeandikwa ukutani kwa rangi ya kijani, na munkoyo wa kumfanya mtu afumbe macho. Nilidhani tulichokosa ni utamu, basi.

Munkoyo unapikwa hivi. Unasonga uji mzito wa mahindi, unauacha upoe hadi mkono uvumilie, halafu unatia mizizi iliyopondwa. Mizizi inaulegeza uji mpaka unakuwa maji, unakuwa mtamu bila sukari. Kesho yake unaanza kuchacha, na siku ya tatu unapanda kichwani. Mizizi hiyo inachimbwa porini, na huko porini kuna mizizi mingine inayofanana nayo kama pacha, ambayo inaua. Kila mtu wa huku anajua hilo, kama anavyojua kwamba umeme unaua, na bado anawasha taa.

Mama mukubwa alinunua kwa mwanamke mmoja tu, mizizi mizima yenye maganda yake. Aliketi nayo kwenye kigoda, akakata ncha ya kila mmoja, akatafuna, akangoja, akatema. Ulimi ukimwambia jambo asilolipenda, mzizi ulikwenda chooni. Siku nyingine nusu ya fungu ilikwenda huko. Iliyobaki haikutosha pipa, na ndiyo maana munkoyo ulikuwa hafifu. Niliyaona haya kwa macho yangu, nikayaita woga wa kizee.

Halafu kabla ya kumpa mtu yeyote alichota kopo la kwanza yeye mwenyewe, akasimama mbele ya mabenchi, akafanya ishara ya msalaba, akanywa lote na kuligeuza kopo juu chini. Kwetu tunasema kutosha sumu, yaani kuitoa. Nyumba nyingi siku hizi wanagusa kwa midomo tu, kwa adabu. Yeye alimaliza.

Kisha akapata kilio huko Sakania, alipofariki ndugu wa upande wa marehemu mume wake, akaenda kwa siku tatu. Aliniachia unga na makaa ya mbabula, jiko letu, akasema yule mwanamke wa mizizi atapita. Hakupita. Nilikwenda sokoni nikamkuta bwana mmoja anauza mizizi iliyopondwa tayari, kwenye mifuko midogo ya plastiki, akisema ni ya porini mbali, yenye nguvu. Nilifurahi. Nilijiona tayari Makomeno.

Nilipoitia kwenye uji, ulilegea mbele ya macho yangu kama mtu aliyepewa habari njema. Nikachovya kidole. Utamu ule, jamani. Nilicheza peke yangu uani, mwiko mkononi.

Jumamosi asubuhi mama mukubwa akarudi, miguu imevimba kwa safari. Alivua kitambaa cha kichwa, akafunua pipa, akaangalia. Akaniuliza kama mizizi ni ile ile.

Nikasema ni ile ile.

Sikuona kama ni uongo mkubwa. Nilitaka asikie wateja wakimsifu kwanza, halafu nimwambie, tucheke. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno.

Saa nne wateja walikuwa wameketi. Alichota kopo la kwanza, akafanya ishara ya msalaba, akanywa. Alipofika katikati alisimama kidogo, akaniangalia kwa juu ya kopo. Niliona kwamba ameonja utamu. Akaendelea, akamaliza, akaligeuza.

Hapo ndipo akaingia mama muuza vikwembe, yaani vitenge, mwenye asili ya Kasai, ambaye hupita kwetu kila Jumamosi na mzigo wake kichwani. Siku hiyo hakushusha mzigo. Alisema upande wa pili wa Ruashi kuna nyumba ya kilio, waliwapa watu munkoyo, na watu wameanguka. Mmoja mpaka sasa hajafumbua macho. Wanasema ni mizizi, ile ya kupondwa ya mifuko, imechanganyika na ile nyingine.

Nilitazama pipa.

Mama mukubwa alisikitika, akamwombea yule mgonjwa, akasema kwa sauti ya kuwatuliza wateja: “Yetu haina neno. Iko mizizi ile ile ya siku zote, na miye nimeshakunywa.” Akachovya kopo la mzee wa reli, akampa.

Nilipaswa kusema hapo hapo, na sikusema. Niliona nganda imefungwa, mama mukubwa anaonyeshwa kidole sokoni, mimi nafukuzwa. Nilijiambia labda ni mfuko mwingine, labda ni mtu mwingine aliyeuza. Mzee alipuliza kopo lake kama kawaida yake, ingawa munkoyo si wa moto. Akalinyanyua.

“Papa, usinywe,” nikasema. “Haiko ile mizizi. Ni ya mifuko.”

Mzee alishusha kopo taratibu, akaliweka chini kati ya miguu yake. Wote waligeuka, lakini hawakuniangalia mimi. Walimwangalia mama mukubwa, aliyekuwa ameshika kopo lake tupu. Nami ndipo nikaelewa vizuri. Mabenchi yote yalikuwa salama. Aliyekunywa alikuwa yeye peke yake.

Kituo cha afya hakiko mbali, lakini njia ile siku hiyo ilirefuka. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya upole, alitusikiliza akasema hawana mashine ya kujua ni mzizi gani. Atampa anachoweza, na tutangoja. Akanieleza mambo ya kuangalia: kizunguzungu, macho kutotulia, ulimi kuwa mzito, halafu mwili kutetemeka. Aliyasema kwa upole, nami niliyameza kama misumari.

Mama mukubwa alilazwa kitanda cha dirishani. Nilimtazama macho. Akipepesa, nilihesabu. Akikaa bila kupepesa, niliogopa zaidi. Nilimwomba aseme kitu ili nisikie ulimi wake.

“Uliitafuna?” akauliza.

“Ilikuwa imeshapondwa, mama.”

“Njo ile. Ya kupondwa hautafune. Ju ya nini uliniambia ni ile ile?”

Nilisema nilitaka watu wamsifu kwanza.

“Banisifu? Miye, banisifu ku munkoyo?” Kifua chake kikatikisika, nikaruka kumwita muuguzi. Kumbe alikuwa anacheka. Lakini kicheko kilipokwisha aligeukia ukuta, akaanza kunipa maagizo kwa sauti ndogo: pipa limwagwe kwenye shimo na majivu juu yake, lisioshwe na kutumiwa tena, rozari yake iko chini ya mto, kitenge cha bluu, kile kipya, kiko sandukuni. Sikumuuliza kitenge ni cha nini. Nilijua. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya ndala, nikajizuia kulia, maana angedhani nimeona kitu machoni mwake.

Mchana muuguzi alinituma nje nikapate hewa. Niliwakuta ukutani, kwenye kivuli chembamba: mzee wa reli, wapakizi wawili wa mgodi wanaokunywa kwetu, na mama muuza vikwembe ameketi juu ya mzigo wake. Walikuwa pale tangu asubuhi. Nilitegemea matusi. Mpakizi mmoja aliniuliza tu kama mama mukubwa anaongea.

Nikawaambia waende nyumbani, kwa kuwa wao hawakunywa. Na kwa kuwa woga humfanya mtu aulize mambo yasiyo na mahali, nikamuuliza mzee swali langu la miaka yote: kama munkoyo wetu ni maji ya sahani, kwa nini hamkubaki kule kwenye ule mtamu?

Alisugua goti.

“Kule banakupa kopo, bo benyewe banakuangalia tu unakunywa,” akasema. “Ule mama anakunywaka mbele yangu, kila siku, mpaka anamaliza. Mutamu nitafanya nayo nini, kama sijue nani aliitafuna?”

Mama wa vikwembe akaongeza kwamba hata hivyo ni mbaya, munkoyo ule, Mungu anajua. Wakacheka kidogo, halafu wakatazama dirisha. Mimi nilirudi ndani nikikimbia, kwa sababu wazo baya lilinijia kwamba wamecheka huku yeye ameshakwenda.

Alikuwa amefumba macho. Nilimwita. Nilimwita tena. Muuguzi alishika mkono wake, akaangalia saa yake, nami nikahesabu pamoja naye.

“Analala,” akasema. “Mwache mama alale.”

Saa tisa aliamka, akauliza kama huku ndani hawana bukari, ugali wetu. Muuguzi alimwangalia macho kwa taa, akamtembeza hadi mlangoni na kurudi, akasema tungoje saa moja tena. Tukangoja. Tukaruhusiwa. Mfuko wangu ulikuwa mzuri au ulikuwa mbaya kidogo tu, au tumbo lake ni gumu, hakuna aliyejua, na sitajua. Yule wa nyumba ya kilio alifumbua macho siku mbili baadaye, tukaambiwa.

Tulirudi kwa miguu, maana alikataa kupanda pikipiki. Wateja walitangulia polepole, mzee wa reli katikati yao na magoti yake. Mama mukubwa alifuata, mimi nyuma yake. Hakuwa ameniambia kwamba amenisamehe. Nilitazama visigino vyake hatua kwa hatua, kama vimeandikwa kitu.

Karibu na kona ya kwetu aliyumba. Nilipiga ukelele uliowageuza watu wote barabarani, nikamkumbatia kiunoni kwa nguvu zangu zote.

Alisimama. Aliweka mkono wake juu ya mikono yangu.

“Ni jiwe,” akasema. “Angalia, ni jiwe tu. Tembea.”