Kompyuta Iliyolowa Kabla ya Kuwashwa

Nilitoka Thika kwenda Ruiru kwa sababu paa la ofisi ya Mwalimu Mkuu lilivuja. Ulikuwa ule mwaka wa mvua kubwa, miaka ya tisini ikielekea mwisho, na shule yetu ya msingi pale Kiganjo ilikuwa na kompyuta moja, zawadi ya wafadhili. Bwana Gitau, Mwalimu Mkuu, aliiweka mezani kwake akaifunika kitambaa cha kufumwa. Kibodi hakuitoa hata kwenye boksi. "Vumbi," alisema. Kila mgeni aliambiwa shule yetu imeingia enzi mpya, kisha akaombwa asiguse.

Mimi, Mwalimu Zainabu, ndiye niliyefundisha kompyuta. Nilifundishia ubaoni. Bwana Gitau alinichorea kibodi kwenye karatasi, herufi zimepangwa safu tatu kuanzia A hadi Z, nami nikainakili kwa chaki mihula mitatu. Taipureta sikuwahi kuigusa maishani, kwa hiyo sikuona ubaya wowote. Nilitoa hata mtihani, na waliokosa safu ya herufi M niliwakata alama.

Jumatatu asubuhi tulikuta maji yakichuruzika kutoka ndani ya sanduku la mashine. Wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa kuwaona watoto wakiitumia. Bwana Gitau alishika kichwa.

"Mwalimu, wakikuta imekufa, watakataa kutujengea yale madarasa mawili. Ipeleke Ruiru kesho, kuna fundi huko Kiuu. Na usiseme ni ya shule."

"Niseme ni ya nani?"

"Sema ni yako."

Mimi, ambaye nyumbani nilikuwa na redio ya betri.

Jumanne saa tatu asubuhi niliondoka na Njuguna, jirani anayepeleka maziwa kwa pikapu. Kioo na boksi la kibodi vilikaa nyuma kati ya madebe. Sanduku nililipakata mbele, na kila tulipoingia shimo lilinimwagia maji kidogo. Kufika Juja mashine ilikuwa na nafuu. Mimi ndiye niliyelowa.

Juja tulisimama kwenye hoteli moja Njuguna ateremshe maziwa. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa akinywa chai akaliona sanduku.

"Niaje, madam? Hiyo komp imenyeshewa?"

"Imenyeshewa."

"Hiyo ni kitu kidogo. Iwashe tu. Ikipata moto itakausha maji yenyewe. Soketi iko hapo nyuma yako."

Aliongea kwa uhakika wa mtu ambaye mashine si yake. Nikamwamini, nikatia waya ukutani. Kilichobaki ni kubonyeza, na hapo nikagundua sijui kitufe cha kuwashia ni kipi. Kuuliza sikuweza, mwalimu mzima wa kompyuta. Nikachomoa waya, nikamwambia nina haraka.

Kiuu tulifika saa tano. Fundi Kariuki alikuwa na kibanda kati ya saluni na kinu cha unga. Alikuwa fundi wa redio aliyejifunza kompyuta kwenye ofisi za Nairobi, na hakusalimia kabla ya kuuliza.

"Mmeiwasha tangu ilowe?"

"La."

"Hata kujaribu kidogo?"

"La."

"Basi nyinyi mko na akili. Watu wote huwasha waone kama imekufa, na hapo ndipo wanaiua."

Sifa hiyo niliipokea. Akafungua sanduku, akaliinamisha maji yakatoka, akachomoa vibao vya ndani kimoja kimoja, akavisugua kwa mswaki na spiriti, akavitandaza juu ya magazeti.

"Umeitumia muda gani?"

"Mwaka mzima."

"Mbona feni yake haina hata unyuzi wa vumbi?"

"Naitunza," nikasema.

Alitaka siku mbili za hewa kavu, bila umeme. Nikalala kwa shangazi yangu, Mama Saidi, mitaa ya huko huko Kiuu. Shangazi alishauri tuizungushie makaa ya jiko. Fundi akakataa, plastiki ingepinda. Usiku wa kwanza tukila, shangazi akaniuliza, "Sasa mashine ya kufundishia iko huku, watoto wanasoma nini huko?"

"Wanasoma kama kawaida," nikajibu. Kesho yake, nikipiga mswaki, ndipo nilipolisikia jibu langu.

Alhamisi saa nane mchana fundi alirudisha kila kitu mahali pake, akalifungua boksi la kibodi, akawasha. Kioo kikawaka. Nilisogea kwa furaha, nikatazama kibodi, nikapiga kelele.

"Fundi! Maji yamechanganya herufi!"

Aliniangalia. "Madam, boksi lilikuwa limefungwa. Maji yalipitia wapi?"

"Lakini alfabeti haianzi na Q!"

Alicheka mpaka wanawake wa saluni wakaja na rola kichwani kuuliza kumetokea nini. Alipomaliza akapangusa macho, akavuta kiti. "Ngai! Kaa hapa, madam. Tuanzie kwa kitufe cha kuwashia."

Jioni nilirudi Thika, nikamweleza Bwana Gitau kwamba herufi zake si hivyo. Alifikiri.

"Basi hiyo itakuwa ya aina nyingine," akasema. "Kesho mtoto mmoja tu aiguse."

Ijumaa asubuhi wageni walifika, wakiongozwa na mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Bwana Gitau alihutubia. Mvua ilikuja, alisema, lakini uangalifu wake ndio ulioiokoa mashine. Kisha akamwita Nyambura wa darasa la saba, wa kwanza katika mtihani wangu. Nyambura akainua kidole, akakiacha hewani.

"Mwalimu, hizi si zile za ubaoni."

"Umeme umepotea!" akasema Bwana Gitau. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

Yule mama akaitazama taa, akanitazama mimi. Nikaona yale madarasa mawili yakiondoka mbele ya macho yangu.

"Ubaoni nilifundisha makosa," nikasema. "Kibodi nimeiona jana kwa mara ya kwanza. Hapa shuleni hakuna aliyewahi kuiwasha mashine hii kabla ya leo."

Yule mama akavua miwani.

"Basi leo kila mtu ataandika jina lake. Ya madarasa tutazungumza baadaye."

Tulizungumza, tukajengewa moja. Nami nilijifunza kwamba kitu kikilowa usikiwashe, kifungue kikauke; na mwalimu asiyejua aseme mapema, kabla mvua haijamsemea.

Foleni ya majina iliendelea mpaka saa kumi. Wa mwisho alikuwa Bwana Gitau. Alikaa wima, kidole kimoja mbele, akaitafuta G kuanzia kushoto, akarudi, akaanza upya. Wanafunzi nilikuwa nimewaonya: atakayecheka atatoka nje. Wote walivumilia, midomo imebanwa.

Aliyetoka nje ni mimi.