Kangaga la Mama Zuhura

Safari ya kutoka Ilala kwenda Magomeni, ambayo mtu mwenye akili zake huimaliza kabla chai haijapoa, mimi ilinichukua siku nzima. Sababu ni posa. Nilitaka kumuoa Zuhura, mwanamke aliyeachika na watoto wawili, na mama yake alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Ijumaa akanipigia simu, mimi kichwa kiko ndani ya friji la mteja. Nikaambulia neno moja: kesho nikija nimletee kanga. Nilifurahi mno. Mama mkwe akishaomba kanga, kilichobaki ni ubwabwa.

Asubuhi, Kariakoo. Nilibebwa na watu mpaka mbele ya duka la kanga, na muuzaji, dada mwenye maneno kuliko kanga zake, akatandaza doti juu ya doti.

"Kaka, ya mama mkwe hii? Hapo usikosee maneno. Ukimpelekea doti la mafumbo, imekula kwako."

Hofu ikanishika. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama. Samahani, unapenda la maneno gani?"

"Marahaba. Maneno? Tangu lini kangaga likawa na maneno?"

"Kangaga?"

"Kangaga, baba! Mmea wa msituni. Kwetu Kisarawe yalijaa kwenye chemchemi. Nataka la kupanda nyuma ya bafu."

Dada wa duka alicheka mpaka akakalia mzigo wake. Mimi kangaga sikulijua hata kwa sura.

Mchana, Jangwani. Kwa wauza miche, jamaa mmoja mwenye kofia ya pama alinitolea makopo mawili. Majani yamechanika kama kitana, machipukizi yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Lakini moja, nyuma ya majani, lilikuwa na vidoa vya kahawia vilivyojipanga mistari.

"Hili lina upele," nikasema.

"Basi chukua hilo safi, bosi."

Nikachukua safi, nikalipangusa hata vumbi.

Alasiri, Magomeni. Mama Zuhura alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza jani. Uso ukambadilika.

"Mbona halina kitu?"

"Ndiyo uzuri wake, mama. Lilikuwepo jingine lina madoa madoa, nikaliacha."

Akavuta kigoda, akakaa. "Hayo madoa ndiyo mbegu zake, baba. Ndiyo watoto. Unayakung'utia kwenye tofali lenye unyevu, kivulini, yanaota mengine." Akanitazama. "Kwa hiyo umemwona mwenye watoto, ukachagua asiye nao?"

Uani watoto wa Zuhura wameacha kugombania mpira, na Zuhura mwenyewe, mlangoni, hakunisaidia hata kwa kikohozi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ile ndiyo ilikuwa haitoki. Nimepigwa na umeme mara nyingi kazini. Sijawahi kuogopa vile.

Jioni, Jangwani tena. Nilifika mbio, shati limeloa.

"Lile lenye upele liko wapi?"

"Ndiyo nalisugua, bosi," jamaa akajibu, sabuni mkononi. "Si ulisema linaumwa?"

Nilimnyang'anya kopo. Majani matatu yalishaoshwa, mengine yalikuwa bado na madoa yao. Namshukuru Mungu kwa uvivu wa yule bwana.

Magharibi, nyuma ya bafu. Mama aligeuza jani, akaguna, akachimba mwenyewe. Akachanganya udongo na makumbi ya nazi yaliyooza, akaniambia kangaga linataka ubichi kila siku na jua la mchana lisilione. Niliitikia kila kitu. Leo kangaga nalijua: jani usilisifu hujaligeuza.

Akaosha mikono taratibu.

"Nyumba yako Ilala ina vyumba vingapi?"

"Viwili, mama. Kimoja nalala, kimoja kimejaa mafriji mabovu."

"Na wajukuu zangu watalala wapi?"

Sijawahi kuulizwa swali tamu kama lile. Usiku uleule nilirudi Ilala, nikaanza kutoa mafriji.