Mchanga wa Mto Wetu

Harufu ya mchanga mbichi hunishtua hadi leo. Jirani yangu hapa Kwa Vonza anajenga ghorofa, na kila lori linapomwaga mchanga langoni kwake mimi hufunga dirisha, hata kama joto ni la kukausha koo. Ile ni harufu ya mto wetu.

Nililelewa nje kidogo ya Matiliku, kando ya mto ambao mgeni angeuvuka na viatu vyake asijue kuwa ni mto. Miezi mingi, juu ulikuwa mchanga mtupu, wa kuchoma nyayo. Lakini Susu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akipiga magoti na kufukua kwa kata, na kabla hajamaliza kunisengenyea majirani, maji yalikuwa yameshajikusanya, baridi, yenye ladha ya jiwe. Ng'ombe walisubiri zamu yao wakitupumulia mgongoni.

Kisha malori yakaja. Tuliambiwa kwamba mjini watu wanajenga, na kwamba mchanga wetu ni safi kuliko wote. Baba akaenda kupakia pamoja na wanaume wengine. Punde akanunua simu, ya kwanza nyumbani kwetu, nasi watoto tukawa tunaizunguka tukiingoja ilie. Susu hakuisogelea.

"Mutua," alimwuliza baba, "huo mto mnaupeleka wapi?"

"Mwaitu, ni mchanga tu," baba alimjibu mama yake. "Mvua ikinyesha utarudi."

"Na maji yatanisubiri wapi?"

Baba akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu baba amecheka.

Shimo la Susu likazidi kwenda chini. Mwanzoni lilimfika kiunoni, halafu ikabidi ashuke kwa ngazi ya miti. Kingo za mto zikawa zinamomonyoka bila kuguswa. Mkuyu mkubwa ulianguka siku ambayo hata jani halikutikisika.

Asubuhi moja Susu alikuwa shimoni, mimi nikimshikia mtungi juu, ukuta wa mchanga ukateleza kimya kimya ukamfukia hadi kifuani. Nilipiga mayowe. Baba alitoka mbio kwenye lori, akafukua kwa mikono akiita, "Mwaitu! Mwaitu!" hadi akamtoa, mzima, ila mdomo umejaa mchanga.

Kisha akashuka yeye mwenyewe na beleshi ili amchotee maji. Tulisikia chuma kikigonga mwamba. Akachimba kando kidogo, mwamba. Kando tena; mwamba. Akapanda juu bila kumtazama mtu.

Dereva akapiga honi. Lori lilikuwa halijajaa. Baba akajipangusa magoti, akarudi kupakia.

Siku hiyo nilifurahi tu kwamba Susu alikuwa hai. Sikujua kwamba mchanga ule ndio uliokuwa ukitushikia maji. Siku hizi mvua ikinyesha, mto hupita kwa kishindo, mwekundu, na kesho yake ni mwamba tu unaong'aa.

Shuleni niliandika kwenye insha kwamba mito hukauka kwa sababu ya ukame, nikapewa alama nzuri. Wetu haukukauka. Ulipakiwa, beleshi baada ya beleshi, mchana kweupe, na mtu niliyempenda kuliko wote.